Maharage Mia Moja Thelathini na Saba

Marchimont, 2 Juni 1919

Célina,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu nilikutumia Pasaka hukuzijibu, basi zinatosha. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo, na wewe ukiachiwa utalilalia.

Karani wa ofisi ya mji amebandika tangazo mlangoni. Nimelisoma mwenyewe, herufi baada ya herufi, mpaka mguu ukafa ganzi. Bunge limewapa wanawake kura. Usirukeruke, si wote. Wamepewa wajane wa askari waliokufa vitani, ilimradi hawajaolewa tena. Wamepewa mama wajane ambao wana wao walikufa vitani bila kuoa. Na wamepewa wanawake waliofungwa na Mjerumani kwa ajili ya nchi. Hilo la mwisho umelisikia? Ni wewe. Miezi ishirini gerezani Ujerumani, na sasa una miaka ishirini na miwili, umri unatosha. Mji mzima huu hakuna mwanamke mwingine aliyefungwa.

Karatasi zako bado ziko hapa, kwa hiyo lazima uje mwenyewe na ile hati ya gereza, utie sahihi. Orodha inafungwa mwisho wa Agosti. Kutoka Liège mpaka hapa ni saa mbili za treni, na wewe hujaja tangu Desemba. Ulitoka gerezani, ukalala hapa siku moja, ukachukua koti la marehemu baba yako, ukaenda kufua mashuka ya hospitali ya watu. Mimi sikuuliza. Sasa nauliza: unakuja lini?

Viazi nimepanda. Paka amezalia ndani ya kapu langu la sufu.

Bibi yako,
Hubertine Crahay


Liège, 15 Juni 1919

Bibi yangu,

Pokea salamu zangu za heshima. Barua yako nimeipata. Nisamehe kwa zile za Pasaka.

Kazi huku ni nyingi. Tunafua mashuka mia tatu kwa siku, na msimamizi hapendi mtu aombe ruhusa. Sitaweza kuja.

Kuhusu kura, Bibi, waachie wanaostahili. Mimi hiyo si yangu. Karani akikuuliza, mwambie nimehama.

Nakutumia vipande viwili vya sabuni nzuri. Usivifungie kabatini, vitumie.

Mjukuu wako,
Célina


Marchimont, 22 Juni 1919

Célina,

Sabuni nimepata. Inanuka kama padri siku ya Pasaka. Nimeifungia kabatini.

Sasa nisikilize. "Si yangu" maana yake nini? Kwani kura ni mwavuli uliosahauliwa kwenye treni, uulizwe wa nani? Wanawake wa nchi hii wameilia kura tangu mimi nina meno yote. Wakaambiwa kaeni jikoni. Vita ikaja, wanaume wakaenda mtoni Yser kukaa kwenye matope, sisi tukabaki na Mjerumani ndani ya nyumba. Nani alipika kwa hewa? Nani alipeleka barua ndani ya mikate? Nani alihesabu treni? Vita imekwisha, wanawake wakasema haya, tumefanya kazi, leteni. Mabwana bungeni wakakuna vichwa, wakaogopa. Wanasema wanawake watampigia kura padri. Mimi? Padri mwenyewe simpigii hata hodi tangu alipogombana nami kwa ajili ya kuku. Basi wametoa makombo: wajane na wafungwa. Na wewe umepewa kombo mkononi unasema husikii njaa!

Mimi sipati. Nimemuuliza karani mbele ya watu. Akasema, "Mama Crahay, mwanao alikufa vitani?" Nikamwambia mwanangu alikufa mgodini mwaka wa kumi na mbili. Akasema, "Basi pole." Ingekuwa risasi ningepiga kura. Jiwe la makaa halina bendera.

Jirani yetu Philomène Bodart anapata, kwa ajili ya marehemu Bodart wake. Na unajua yule muuza nguruwe mwenye masharubu amemtaka ndoa? Amemjibu mlangoni, mtaa mzima ukisikia: "Bwana wee, nikiolewa leo kura yangu inakwenda. Ukinipenda kweli, njoo Novemba, baada ya uchaguzi." Mwanamume kaondoka na soseji zake mkononi. Philomène, ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika jambo wiki mbili! Anakushinda wewe?

Na jambo lingine, maana nimelinyamazia muda mrefu. Siku Wajerumani walipokuja kukukamata, ukamwambia ofisa: "Bibi yangu hajui hata kuhesabu." Mbele yangu! Mimi, Hubertine Crahay, niliyehesabu majeshi ya Kaiser miaka miwili na nusu bila kukosea behewa moja! Najua kwa nini ulisema. Bado linawasha.

Njoo utie sahihi.

Bibi yako,
Hubertine Crahay


Liège, 6 Julai 1919

Bibi yangu,

Barua yako nimewasomea wenzangu wa kufua. Ile ya soseji wamecheka mpaka msimamizi akaja. Kisha wakaniuliza bibi huyu ni nani, nikawaeleza. Ngoja nikueleze na wewe, maana wewe hukuwahi kujiona.

Nilikuwa nakuona umekaa dirishani na beseni la viazi magotini, mgongo umeipa reli. Hukugeuka hata mara moja. Ulikuwa unahesabu kwa masikio. Gurudumu likigonga lile fundo la chuma kwenye reli kabla ya daraja, kidole chako kinagusa kiazi. Behewa la askari lina sauti yake, la farasi linagonga kwato, la mizinga linaifanya sahani itetemeke kabatini. Kisha unainuka kama mtu aendaye kutafuta chumvi, unatia kwenye chupa: haragwe jeupe kwa kila behewa la askari, dengu kwa farasi, kipande cha chikori, ule mzizi wa kahawa yetu ya vita, kwa mzinga. Kila Jumanne mama wa siagi anakuja, anazimimina, anahesabu, anaondoka kuwapelekea watu wetu, majeshi yote kichwani na siagi kapuni. Wakati huo tulikuwa tunakula maganda. Na zile chupa zilijaa chakula, hukugusa hata punje.

Mimi nilifanya nini? Nilichota maji, nilipanga foleni ya mkate. Kazi ilikuwa yako, Bibi. Wakinipa mimi kura kwa ajili ya chupa zile nitakuwa nimekuibia.

Kwa hiyo nimeamua. Nitamwandikia karani ukweli: kwamba maharage yalikuwa ya Hubertine Crahay, na mimi nilidanganya. Wabadilishe jina. Wakikataa, angalau wawe wamejua.

Mjukuu wako anayekuheshimu,
Célina


Marchimont, 9 Julai 1919

Usimwandikie karani. Hata mstari mmoja.

Nitakueleza. Nipe muda.

H. Crahay


Marchimont, 27 Julai 1919

Célina,

Siku kumi na nane zimepita. Barua hii nimeiandika mara nne na mara tatu nimewashia jiko. Hii ya nne naipeleka posta kabla sijaisoma.

Unasema ulidanganya. Wewe ulidanganya kwa mdomo. Mimi nilidanganya kwa kunyamaza, na kunyamaza ni kubaya zaidi, kwa sababu hata jasho halikutoki.

Nakumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Ofisa alimimina chupa zote mezani. Akauliza, "Za nani?" Nilikwisha fungua mdomo. Wewe ukasema, "Zangu. Bibi yangu hajui hata kuhesabu." Akanitazama. Nilikuwa nimeshika kisu cha viazi, kilemba kimenishuka usoni, nadhani nilionekana kama mbuzi. Akacheka. Wakakushika mkono.

Ningeweza kusema. Neno moja tu, "Zangu," lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Na unajua nilikuwa nawaza nini? Usinitengenezee sababu nzuri. Sikuwaza kwamba mimi ni mzee na gereza litaniua. Sikuwaza hata wewe. Niliwaza treni ya saa nne. Kulikuwa na nyingi mno zikienda magharibi wiki ile, na yule mtu wa kuzihesabu akiondoka nani atakaa dirishani? Wewe ulikuwa na miguu na macho, lakini masikio hukuwa nayo. Nikakupima. Nilikupima wewe, mjukuu wangu, damu ya mwanangu, nikaweka upande wa pili mabehewa, nikachagua mabehewa.

Mlango ulipofungwa treni ya saa nne ikapita. Mabehewa ishirini na sita ya askari, tisa ya farasi. Nikaihesabu. Machozi yanatoka, kidole kinagusa kiazi.

Na sikuacha. Chupa walichukua, nikashika sindano za kufuma. Fundo la kawaida askari, la kugeuza farasi, tundu kwa mzinga. Miezi ishirini. Soksi zenye matundu kiasi kile hakuna mtu aliyezivaa. Mama wa siagi alizinunua zote.

Sasa umejua. Nilidhani umejua siku zote, na ndiyo maana ulilala hapa siku moja ukaondoka. Nikasema acha aende, ana haki. Ukimwandikia karani ukweli, uandike wote, si ule nusu unaonipamba. Waandike kwamba Mama Crahay alikaa kimya mtoto akachukuliwa.

Ila kura ni yako. Umeilipia kwa miezi ishirini ya supu ya maji. Mimi sina cha kuidai.

Hubertine Crahay


Liège, 10 Agosti 1919

Bibi,

Nimeisoma barua yako ndani ya chumba cha kupigia pasi, nimeketi juu ya mashuka safi.

Hujui kwa nini sikai nyumbani. Si hilo. Kule gerezani nilikuwa natamani uwe unaendelea kuhesabu. Kila siku nilikuwa najiambia, saa hizi Bibi amekaa na beseni lake. Wengine walisali, mimi nilikuwa nahesabu pamoja nawe. Sasa unaniambia ni kweli! Ungejua nilivyolia kwa furaha.

Sikai nyumbani kwa sababu mimi ndiye niliyewaleta.

Jumapili kabla hawajaja ulikuwa umekwenda kanisani kumzika mzee Lambert. Mimi nilikuwa na njaa, Bibi. Njaa ile inayosikika masikioni. Nikafungua kabati, nikaona maharage, nikasahau. Naapa nilisahau. Niliyaona maharage kuwa maharage. Nikayahesabu ili tugawane sawa, maana siku hizo tulihesabu kila tonge, yakawa mia moja thelathini na saba. Nikapika. Uliporudi tukala wote wawili. Nilipokuwa naosha sufuria ndipo nikakumbuka. Nilikuwa nimechemsha jeshi zima, na mama wa siagi anakuja Jumanne.

Nikakimbia kwa Philomène. Yeye alikuwa na maharage ya shamba la dada yake. Nikamwomba aniazime. Akaniuliza, "Kibaba kimoja?" Nikasema, "Hapana, mia moja thelathini na saba." Akanitazama. Akaniuliza mbona hivyo, nikasema ndivyo ninavyotaka. Tukakaa mezani kwake tukahesabu moja moja. Hakuna mtu duniani anayeazima maharage kwa idadi, Bibi! Kesho yake kwenye foleni ya mkate akasimulia kama kichekesho, "Yule binti wa Crahay njaa imempanda kichwani," watu wakacheka, na nyuma yetu alikuwa amesimama mtu nisiyemjua, koti la kijivu, hakucheka. Jumanne asubuhi wakaja.

Ndiyo maana nilisema "zangu". Haukuwa ushujaa. Nilikuwa nalipa. Na sasa serikali inataka kunipa kura kwa ajili ya kosa langu, na watu wa mtaani wananivulia kofia. Siwezi kuwatazama. Wewe siwezi kukutazama.

Célina


Marchimont, 13 Agosti 1919

Wewe mtoto mjinga,

Unadhani ile supu nilifikiri imeshuka kutoka mbinguni?

Mwezi wa tatu, mwaka wa njaa, nyumba haina kitu, natoka mazikoni nakuta sahani imejaa maharage meupe mpaka ukingoni. Nani angetupa? Kaiser? Nilijua kabla sijashika kijiko. Nilisema nini? Nilisema, "Imekosa chumvi." Nikala. Jeshi lake lote nililila kwa kijiko, na nitakuambia jambo ambalo nitamwambia padri siku ya kufa: lilikuwa tamu.

Sikukugombeza kwa sababu nilikuona ulivyokuwa unakula, na macho yako. Nikasema idadi ninayo kichwani, kesho nitatafuta kokoto. Asubuhi nafungua chupa, maharage yamo. Mia moja thelathini na saba, hakuna lililopungua. Nikasema moyoni, huyu atanipita.

Jumatatu jioni Philomène akaja kunicheka: "Mama Crahay, mjukuu wako anaazima maharage kwa namba." Akaniambia amelisimulia kwenye foleni. Nilijua palepale kwamba chupa zile zimwagwe, zizikwe, wapewe nguruwe. Na sikufanya. Kwa nini? Kwa sababu kesho ni Jumanne, mama wa siagi anakuja, na hesabu ilikuwa nzuri mno kuitupa. Nilikuwa na majivuno ya hesabu yangu. Kosa la kuazima ni lako. Kosa la kuziacha chupa kabatini usiku ule ni langu, na ni kubwa kuliko lako, kwa kuwa wewe ulikuwa na njaa na mimi nilikuwa na kichwa.

Philomène hajui mpaka leo, na hatajua. Ana kura ya kupiga na mwanamume wa kusubirisha, inamtosha.

Umelipa, unasema. Kulipa kosa la sahani moja kwa miezi ishirini! Na hukutaja jina. Walikuuliza siku ngapi kuhusu mama wa siagi? Mama huyo mwenyewe aliniambia: siku kumi na moja. Mwanamke yule yuko hai, anauza siagi, ana wajukuu wawili. Hilo nalo ni kosa lako?

Nchi haiwapi kura watu wasio na makosa. Ingekuwa hivyo wanaume wangepiga lini? Imekupa wewe kwa kuwa ulikaa kimya pale ilipohitajika. Mimi nilikaa kimya pale isipohitajika. Tuachane na mizani, Célina, mimi naijua mizani, haifai watu.

Orodha inafungwa tarehe thelathini na moja. Sikukemei tena. Nakuomba. Hilo neno liangalie vizuri, hutaliona mara ya pili kwenye mwandiko huu.

Bibi yako


Liège, 25 Agosti 1919

Bibi,

Nimeomba ruhusa. Nakuja Alhamisi kwa treni ya saa nne.

Utaihesabu?

Célina


Marchimont, 17 Novemba 1919

Mjukuu wangu,

Treni yako ya jana ilikuwa na mabehewa saba na la mizigo moja. Ulikaa la tatu. Natumaini umefika salama na zile keki hukuwagawia watu wote wa kufua.

Nakuandikia kuhusu mambo mawili usiyoyajua.

La kwanza. Ulipoingia ndani ya shule kupiga kura, mimi nilibaki nje kwenye benchi, nimeupa mlango mgongo. Baridi ilikuwa kali. Karani akatoka kuvuta tumbako, akanikuta. Akasema, "Mama Crahay, ingia basi upate moto, kupiga huwezi lakini kuota moto sheria haikatazi." Nikamwambia nina kazi. Akaingia, akarudi na lile daftari lake, akaniwekea magotini. Akanionyesha kidole pale ulipotia sahihi mwezi wa nane. Kumbe kuna mstari wanaandika sababu ya kufungwa. Nikausoma. Sikuhitaji kuusoma herufi baada ya herufi, ulikuwa wazi. Umeandikisha hivi: "Kuhesabu treni za adui, pamoja na bibi yangu Hubertine Crahay, ambaye ndiye aliyenifundisha kuhesabu."

Nikamrudishia daftari lake. Nikamwambia wino wake umepauka. Lile neno lako la kwamba sijui kuhesabu limeacha kuwasha.

La pili ni hiyo kazi. Uliponiuliza nafanya nini pale benchini nikakuambia napumzika. Nilikuwa nahesabu, na sikugeuka. Wanaume wanaingia na buti, hao nikawaacha. Wanawake wana viatu vya mbao, na siku ile walikuwa wamevisugua, vinalia vizuri kwenye mawe. Nilimsikia Philomène, anavuta mguu wa kushoto. Nyuma yake masharubu ya yule muuza nguruwe yakamsindikiza mpaka mlangoni, yakabaki nje kama mbwa. Nilimsikia mama wa akina Dessart, wanawe wote wawili walikufa Yser, alisimama muda mrefu kabla hajakanyaga kizingiti. Wewe nilikujua kabla hujafika kwenye lango. Unatembea kama baba yako.

Umetoka na wekundu wa penseli ya kura kwenye kidole. Sikuuliza ulimpa nani. Usiniambie.

Kumi na tisa. Ndiyo hesabu ya mji huu, na wewe ukiwemo. Leo asubuhi nimenunua chupa mpya, maana zile za zamani Mjerumani hajazirudisha, nikatia maharage meupe kumi na tisa. La kwanza chini kabisa ni lako. Yanaonekana machache sana mle, yanagongana kama meno ya mzee. Lakini nimechagua chupa kubwa makusudi. Wanawake wazima wa Marchimont ni mia nne na sita, nimewapitia mtaa kwa mtaa kichwani, na chupa inawatosha wote. Sheria ikibadilika, uongeze. Nisipokuwepo, uongeze wewe.

Liko moja la ishirini. Nimeliacha nje, juu ya kabati, pembeni ya chupa. Hilo ni langu, linangoja.

Ukija Krismasi na njaa zako, usilipike.

Bibi yako,
Hubertine Crahay